Kihamisha-mnyororo

Anayeendesha baiskeli kutoka Embu kwenda Meru huvuka Ena, Thuci, Nithi na mito mingine inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Kila daraja lina mteremko huku na mlima kule. Hapo ndipo baiskeli kuukuu ya gia inapoanza visa: mnyororo unaruka meno, au unakataa katakata kupanda kwenye gurudumu kubwa la meno wakati miguu imeshachoka. "Gia imeharibika," mwenyewe humwambia fundi. Mara nyingi yale magurudumu ya meno ni mazima. Mbovu ni kile kifaa kinachoning'inia chini yake, chenye springi na puli mbili ndogo.

Wafaransa walikiita dérailleur, kutokana na kitenzi cha treni kuacha reli. Tour de France ilikiruhusu mwaka 1937. Kwetu "kibadili-gia" hueleweka upesi, lakini mimi nashikilia "kihamisha-mnyororo", kwa kuwa jina hilo linamwonyesha fundi pa kutazama. Kazi ya kifaa hiki ni kuusukuma mnyororo kando: waya ukivutwa, mnyororo huingia ndani kwenye gurudumu kubwa, ukilegezwa, springi huurudisha nje kwenye dogo.

Kwa hiyo tazama mnyororo unasita ukielekea wapi. Ukisita kupanda kwenye kubwa, huenda waya umelegea. Ukaze kidogo, ujaribu, kisha ukaze tena. Ukisita kurudi kwenye dogo, waya unakwama ndani ya ganda lake kwa kutu na tope la masika. Mafuta yatasaidia siku mbili tatu tu, heri kubadilisha vyote viwili. Mnyororo ukipitiliza ukaangukia spoku, skrubu ya mpaka, aghalabu yenye herufi L, imefunguka mno. Hiyo isingoje kesho, maana gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla barabarani.

Na kama waya ni mpya na skrubu ziko sawa, chuchumaa nyuma ya baiskeli. Puli zote mbili zinapaswa kusimama wima chini ya gurudumu la meno lililobeba mnyororo. Zikiinamia spoku, kishikio cha kifaa kimepinda, pengine baiskeli ilipoangukia upande wa kulia. Kishikio cha chuma kwenye fremu za zamani hukubali kunyooshwa polepole. Cha aluminiamu hukatika kwa urahisi, kwa hiyo tafuta kingine kabla ya kukigusa.