Vibonzo Nilivyovichoma

Naanza kwa kuungama. Mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga, nilikusanya nakala kumi na moja za Sani kutoka chini ya magodoro ya bweni la wavulana, nikazichoma nyuma ya jiko mbele ya wanafunzi waliopangwa mistari. Nikatoa na hotuba fupi juu ya lugha sanifu. Leo mimi ni mstaafu ninayezitafuta nakala za miaka ile ile, na sizipati. Waliokuwa nazo walizifungia maandazi, na wengine, kama mimi, walizitia kiberiti.

Basi nataka nieleze nilichoma nini, kwa maana siku ile sikujua.

Kwetu neno la kwanza la kitu hicho halikuwa katuni wala kibonzo. Lilikuwa chakubanga. Chakubanga ni mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya mwisho ya 1960, na jina lake lilienea hata likawa jina la jamii nzima: mchoro wowote wa kuchekesha ulikuwa chakubanga, na aliyeuchora alikuwa mchora chakubanga. Majina machache sana ya watu wa kubuni hupata bahati hiyo ya kushuka kutoka herufi kubwa hadi herufi ndogo. Wapo pia wanaolihusisha neno chale, yaani mtu mchekeshaji, na Charlie Chaplin, lakini hilo nawaachia wenye kamusi. Chakubanga nilimshuhudia kwa macho yangu akigeuka nomino ya kawaida, tena mikononi mwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mkulima wa pamba upande wa Maganzo, si mbali na mgodi wa almasi wa Mwadui. Alijifunza kusoma utu uzimani, baada ya mradi wa kisomo chenye manufaa kuletwa mikoa ya Ziwa mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu pamba: kupanda kwa mistari, kupalilia, kunyunyiza dawa. Vilikuwa vitabu vya maana, nami sivibezi. Lakini mtu aliyeinama shambani kutwa nzima hana hamu ya kuinama tena jioni juu ya shamba lile lile lililoandikwa. Mjomba alisoma kile kitabu kwa adabu, kama anayesikiliza hotuba ya mgeni. Alichokisoma kwa njaa ni kipande cha Uhuru kilichofungiwa nyama.

Nilikuwa mtoto, nikitumwa buchani. Nikirudi, mjomba hakuuliza nyama ni ya sehemu gani. Aliuliza, "Leo amekuja?" Kama damu haikuwa imemfunika Chakubanga, mjomba aliketi kizingitini, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti huku midomo ikitangulia. Kisukuma chake kilikuwa kipana na Kiswahili chake kilikuwa chembamba. Mzaha ulimfikia polepole, silabi kwa silabi, na ulipofika alicheka peke yake, kisha akamwita mama aje aelezewe. Mama alisema mzaha unaoelezwa ni ugali wa jana. Mjomba hakujali.

Yeye mwenyewe alikuwa shabiki wa aina ya kale zaidi. Alikuwa mtu wa Bagika. Msomaji asiye wa Usukumani aelewe kwamba tangu katikati ya karne ya 19 ngoma zetu zimegawanyika katika pande mbili kuu, Bagika na Bagalu, na masimulizi huzianzishia kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Baada ya mavuno pande mbili huingia uwanja mmoja, saa moja, kila upande na ngoma yake na nyimbo zake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Watazamaji hupiga kura kwa miguu yao: wakihama, umeshindwa.

Hapo ndipo penye utamu wa historia. Ili kuuzuia umati usihame, wachezaji walileta chatu hai shingoni, walileta fisi, na walileta sanamu za mti zenye viungo vinavyochezeka, mikono na miguu ikitikiswa kuwachekesha watu. Kwenye makumbusho ya Bujora, aliyoianzisha padri David Clement kule Kisesa karibu na Mwanza, mgeni huonyeshwa urithi wa ngoma hizo kwa heshima zote za sanaa ya jadi. Mimi nikizitazama sanamu za namna ile naona kibonzo: mwili uliotiwa chumvi, kiungo kimoja kilichozidishwa, kazi yake kukuvuta usimame hapa na si pale. Babu zetu hawakungoja karatasi.

Na tabia za ushabiki zilikuwa zimekamilika zote. Mjomba hakuweza kumtaja mtu wa Bagalu bila kukohoa kwanza. Alijua nyimbo za upande wake kwa majina ya waliozitunga, na za upande wa pili alizijua vilevile ili azidharau kwa ufasaha. Mwaka ambao Bagika walishindwa, kosa lilikuwa la upepo.

Sasa turudi kwenye moto wangu. Sani ilizaliwa miaka ya 1980, na jina lake ni silabi za kwanza za waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake mlijaa wahusika ambao wengi waliumbwa na mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wake wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. Tazama majina yao kwa jicho la mshairi. Lodi Lofa: lodi ni mheshimiwa wa Kiingereza aliyevaa kanzu ya Kiswahili, lofa ni fukara asiye na kazi, na maneno mawili yanayopingana yameoanishwa kwa herufi ya kwanza hata sikio linayakubali kabla akili haijakataa. Ndumilakuwili ni neno la kale, mwenye kuuma kotekote. Ukilivunja unakuta kitenzi uma, unakuta na kuwili, mahali pawili, sarufi nzima katika jina la mnafiki. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa mawe, na Shinyanga, nchi ya majabali, haikuhitaji kamusi kumjua: alikuwa akituchungulia kila tulipokwenda kuokota kuni. Komredi Kipepe naye alibeba cheo cha kisiasa mgongoni kama mtu aliyeazima koti la kaka yake.

Nilizichoma nakala hizo kwa sababu zilikuwa na misemo ya mitaani, na kwa sababu mkuu alinitazamia nizichome. Nikamilishe kuungama: nilizisoma kwanza. Nilikaa usiku kucha na kandili, nikazisoma zote kumi na moja, na nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Miaka ya 1990 nilihamishiwa Geita, wakati huo ikiwa wilaya ya Mwanza. Mkoa umekuja mwaka 2012. Rashi ya dhahabu ilikuwa imepamba moto Nyarugusu, Rwamgasa na kwingine. Watu walitoka kila kabila, wakashuka kwenye maduara kwa kamba, wakapandisha mawe kwenye viroba, jioni wakaenda kwenye banda la video. Jenereta nje, viti vya mbao ndani. Siku hizi mabanda hayo huitwa kibanda umiza, jina ambalo aliyekalia benchi lake saa mbili hahitaji kufasiriwa. Zilikuwako kanda ambazo mfasiri ameingiza sauti yake juu ya filamu ya Marekani au Hong Kong, Lufufu akiwa ndiye maarufu kupita wote. Mfasiri hakufasiri tu. Aliwapa adui nasaba, aliwapa wapenzi methali, na pale filamu ilipokuwa kimya yeye hakunyamaza. Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu aliita hilo uharibifu. Mimi nilisikia mtu mmoja akifanya kazi ya manju na malenga kwa pamoja, na umati haukuhama.

Kutoka mabandani majina yalishuka machimboni. Stelingi alikuwa msimamizi hodari, kwa kuwa stelingi hafi. Kulikuwa na Rambo watatu katika duara moja, wakitofautishwa kwa urefu. (Rambo huyo huyo alichapwa pia kwenye mifuko ya plastiki, hata mfuko wenyewe ukaitwa rambo, na mwaka 2019 serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo, nchi nzima ilimshinda komando bila risasi.) Nadhani majina haya yalipendwa kwa sababu ya msingi kuliko mzaha. Jina la nyumbani hutaja kabila, ukoo, na pengine deni ulilolikimbia. Jina la sinema halina kwao. Mgeni akiwa Rambo anaweza kumkabidhi mgeni mwingine kamba ya kumshushia shimoni.

Ushabiki wenye kabila yake mwenyewe ulinirudia mwaka 2014, Stand United ilipopanda Ligi Kuu. Timu ile ilitoka stendi ya mabasi ya mjini Shinyanga, na washabiki wakaiita Chama la Wana. Kalamu nyekundu iliniwasha mkononi. Chama ni ki-vi: chama cha, siyo chama la. Kisha nikalitamka kwa sauti na nikaona kosa liko kwangu. Wale vijana hawakukosea upatanisho, waliukuza. Waliliacha neno na umbo lake na wakalipa kiunganishi cha majitu na majabali, ukubwa ukaingia kwa mlango wa nyuma. Na wana, neno la tenzi, likarudi likiwa na maana ya washikaji wa kijiweni. Msimu uliofuata Mwadui nayo ikapanda, na mkoa mmoja ukawa na pande mbili. Mjomba angekohoa.

Mwaka jana nilikwenda Katoro kumzika rafiki. Nikiwa nasubiri gari karibu na karasha, mwanamume mwenye mvi na vumbi la mawe aliniamkia kwa jina langu la ualimu. Alikuwa mmoja wa wenye magodoro. Nakala tatu kati ya zile kumi na moja zilikuwa zake, na alikumbuka ni toleo lipi na lipi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Nikamwambia naona haya.

"Mwalimu, lile moja la Lodi Lofa halikuwa na ukurasa wa mwisho ulipolileta kwenye moto. Tuliona."

Nilinyamaza. Ukurasa huo ulikuwa umeanguka chini ya kitanda changu, na nilikaa nao mpaka uhamisho uliponipotezea sanduku.

Akaniomba nimwandikie vizuri daftari la mgawo, kwa kuwa mwandiko wao huleta ugomvi siku ya kugawana viroba. Nilikaa juu ya ndoo, akanitajia wachimbaji wake, nami nikaandika: Stelingi, viwili. Kipepe, viwili. Rambo Mfupi, kimoja. Vijana wenyewe, wa miaka ishirini na kitu, hawakujua Kipepe ni nani. Waliambiwa ni jina la mzee aliyechimba hapo zamani. Mwisho nikamwuliza yeye nimwandike nani.

"Lodi," akasema. "Viroba vinne."

Nikaandika Lodi, herufi kubwa, viroba vinne, na gari likapiga honi.