Wataalamu wa afya ya akili

Wataalamu wa afya ya akili ni watu waliosomea kuchunguza, kutibu na kusaidia wenye matatizo ya akili, hisia au mwenendo. Wako wa aina mbalimbali, nao hutofautiana kwa elimu, kwa njia ya kutibu na kwa mamlaka waliyopewa na sheria. Watu wengi huwachanganya. Matokeo yake, mgonjwa anayehitaji dawa anaweza kupoteza miezi mingi katika mazungumzo tu, na mwingine anayehitaji mazungumzo akapewa dawa peke yake.

Aina

- Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyeongeza masomo ya ubingwa. Anaweza kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo, kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Hutibu hasa magonjwa mazito kama skizofrenia na sonona kali.
- Mwanasaikolojia wa tiba amesomea saikolojia, si udaktari. Hutumia vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo, kwa mfano tiba ya utambuzi na tabia, ambayo husaidia wenye wasiwasi, hofu au sonona. Katika nchi nyingi haruhusiwi kuandika dawa. Majimbo machache ya Marekani, kama New Mexico (tangu mwaka 2002) na Louisiana (tangu 2004), humruhusu akipata mafunzo ya ziada.
- Mshauri nasaha humsaidia mtu aliyeelemewa na jambo la maisha, kama vile msiba, mgogoro wa ndoa, ulevi au majibu ya kipimo cha VVU.
- Muuguzi wa afya ya akili hufuatilia hali ya mgonjwa, humpa dawa zilizoagizwa na huielekeza familia namna ya kumtunza nyumbani.
- Afisa ustawi wa jamii hushughulikia mambo yanayozunguka ugonjwa: makazi, ulinzi wa watoto, ukatili wa nyumbani au gharama za matibabu.

Daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ni mtaalamu tofauti. Yeye hutibu magonjwa kama kiharusi na kifafa. Hata hivyo, katika Afrika ya Mashariki wagonjwa wengi wa kifafa huhudumiwa katika kliniki za magonjwa ya akili.

Kuchagua mtaalamu

Mara nyingi mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Malaria kali, sukari kushuka au ugonjwa wa tezi ya shingo vinaweza kuleta dalili zinazofanana na za ugonjwa wa akili, hivyo mwili hupimwa kwanza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa kawaida kutibu matatizo ya akili yaliyoenea na kutoa rufaa kwa yale mazito.

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye hajalala siku kadhaa huku akiwa na nguvu kupita kiasi, anahitaji daktari. Mwenye huzuni au wasiwasi wa wastani anaweza kuanza kwa mwanasaikolojia au mshauri. Wengine huhitaji wote wawili kwa pamoja.

Mtu anayetaka kujiua, au mama aliyejifungua karibuni na kuanza kuchanganyikiwa, ni mgonjwa wa dharura. Hapaswi kuachwa peke yake wala kungoja miadi, bali apelekwe hospitali mara moja.

Familia nyingi huanza kwa viongozi wa dini au waganga wa kienyeji. Sala na faraja zinaweza kwenda sambamba na matibabu, lakini kuacha dawa ghafla bila ushauri wa daktari huweza kurudisha ugonjwa.

Kabla ya kuanza matibabu, inafaa kuuliza kama mtaalamu amesajiliwa. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kusajili washauri na wanasaikolojia. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Hospitali za rufaa

Hospitali za magonjwa ya akili zinazojulikana katika eneo hili ni Mathari jijini Nairobi (iliyoanzishwa mwaka 1910), Mirembe jijini Dodoma (1927), Kidongo Chekundu huko Zanzibar na Butabika jijini Kampala.

Tazama pia

- Saikolojia
- Sonona
- Kifafa