Nani Alisema Mchimbaji wa Rwamgasa Atembee Hatua Elfu Kumi? Safari ya Saa Kutoka Kwenye Jua Hadi Mkononi

Jioni pale Rwamgasa, makarasha yakianza kunyamaza moja moja na vumbi likitua juu ya mabati, vijana wanalinganisha namba. Aliyeshinda akipanda na kushuka duarani anageuza mkono wake: hatua 9,000 na kitu. Mwenzake aliyekaa siku nzima chini ya turubai akiponda mawe kwa nyundo naye anageuza wa kwake: hatua 14,000. Na hapo hajatoka hata kwenda kununua maji! Kicheko kinapigwa, mtu anaambiwa saa yake ni feki, anabisha kwamba kanunua Mwanza kwa hela yake.

Saa haijadanganya kwa makusudi. Ndani yake kuna kihisi kidogo cha mwendo kinachofuatilia mkono unavyorushwa, na nyundo inayopanda na kushuka kwa mpigo mmoja inafanana sana na mtu anayetembea. Ila swali la maana liko kwenye ile duara ya kijani inayong'aa kioo kizima ukifika 10,000. Nani aliamua kwamba 10,000 ndiyo namba?

Hakuwa daktari. Mwaka 1964 Tokyo iliandaa Olimpiki na Wajapani wakapata moto wa mazoezi. Mwaka uliofuata, 1965, kampuni ya Yamasa ikaingiza sokoni kifaa cha kuvaa kiunoni kikiitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Herufi ya Kijapani ya elfu kumi, 万, ukiitazama vizuri ni kama mtu anatembea. Jina lilivutia, kifaa kikauzwa, namba ikabaki. Miaka 54 baadaye, 2019, utafiti uliochapishwa Marekani kuhusu wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulikuta kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliofanya 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Kwa hiyo ile elfu kumi inayowakosesha watu raha ilianza kama jina la bidhaa.

Huku kwetu saa iliingia kwa mlango mwingine. Mswahili alikuwa tayari na saa yake, na hiyo saa ni jua: likichomoza unaanza kuhesabu, likizama unaanza upya. Saa za viwandani zikaja zimepangwa kwa hesabu ya usiku wa manane. Watu hawakuhangaika kugeuza mishale, walisoma upande wa pili. Mshale mfupi uko kwenye 7, macho yanavuka hadi 1, basi ni saa moja asubuhi. Mamilioni ya watoto wamefundishwa hivyo na baba au babu, na wengi hawakuwahi kuona ajabu yoyote ndani yake.

Kuivaa mkononi ni jambo la juzi juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaume wa Ulaya waliweka saa mfukoni, ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadilisha, maana askari mwenye bunduki hana mkono wa tatu wa kupapasa mfuko. Huku Geita, dhahabu iliyogundulika wakati wa Wajerumani ilikuja kuchimbwa na mgodi mkubwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa namna ile unaendeshwa kwa zamu. Jua likasalimu amri kwa mshale.

Halafu bei zikaanza kuanguka. Desemba 25, 1969, Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwotzi kuuzwa madukani, na bei yake ililingana na gari dogo. Miaka 20 tu mbele, 1989, Casio wakaleta F-91W: plastiki tupu, ina taa, ina kengele, na betri inakaa kama miaka saba. Ndiyo ile nyeusi uliyoiona kwa mjomba, kwa mwalimu na kwa fundi baiskeli. Lakini saa za namba ziliua kitu kimoja kimya kimya: 13:00 haina upande wa pili. Inabidi utoe sita kichwani.

Simu za mkononi nazo zikaja zikataka kuzika saa zote. Mtu mwenye simu mfukoni saa ya nini? Kwa miaka kadhaa saa ikarudi kuwa pambo la harusi, mpaka 2014 Xiaomi walipotoa Mi Band ya kwanza kwa yuan 79, kama dola 13 za wakati ule. Haikuwa hata na kioo! Vitaa vitatu tu, inahesabu hatua na usingizi, basi. Saa za bei mbaya zilikuwepo, ila kamkanda hako ndiko kaliko­vunja bei, na kila kiwanda cha Shenzhen kikafuata. Mzigo ukafika Kariakoo, ukapanda basi la Mwanza, ukashuka Geita, na sasa unauzwa kwenye meza ya mbao Rwamgasa kando ya chaja na tochi za kichwani.

Kuna aina moja ya kukaa nayo macho hapo mezani, ile yenye sehemu ya laini. Hiyo kisheria ni simu. Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu feki nchi nzima, na kilichozikamata ni namba ya IMEI. Saa ya laini nayo ina IMEI. Bonyeza *#06# kwenye saa yenyewe kabla hujatoa hela, na ikileta namba isiyofanana na ya kwenye boksi, irudishe mezani.

Sasa mambo mazito. Saa ya shilingi elfu arobaini leo inatangaza kupima mapigo ya moyo, oksijeni ya damu, presha, na nyingine hata sukari bila kutoboa kidole. Kuhusu sukari hakuna mjadala: Februari 21, 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu waachane na saa na pete zinazodai kupima sukari bila sindano, kwa sababu haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa sukari akijidunga insulini kwa kufuata namba ya saa hiyo, anaweza asiamke. Boksi likiandika sukari, lina taarifa moja muhimu: muuzaji wa saa hiyo yuko tayari kuandika chochote.

Oksijeni ndiyo inayowahusu zaidi watu wa maduara, na inataka maelezo. Mwaka 1974 mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, alipata njia ya kujua oksijeni ya damu kwa kulinganisha mianga miwili, mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinanyonya mianga hiyo tofauti. Kifaa cha kubana kidole pale hospitali kinafanya hivyo, na saa inajaribu kumuiga kwenye mkono, mahali pagumu zaidi. Tatizo la kwanza: utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulikuta kwamba hata vifaa vya hospitali vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Kama cha hospitali kinateleza hivyo, cha mezani je?

Tatizo la pili ndilo linaloua. Pampu ya maji ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo inashikamana na damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na mbele ya ile mianga miwili inaonekana karibu sawa na oksijeni yenyewe. Mtu anaweza kuwa anazimika huku saa inamwonyesha 97, rangi ya kijani, kila kitu safi. Hakuna saa, iwe ya elfu thelathini au ya milioni tatu, inayotoa ruhusa ya kushuka kwenye duara lililokuwa na injini. Ruhusa hiyo inatolewa na hewa iliyosukumwa chini na muda wa kutosha.

Ukanda huu unajua shimo linavyoweza kumeza watu. Oktoba 2015, kule Nyangarata wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, ardhi iliwafunika wachimbaji wadogo. Novemba 15 watano walitolewa wakiwa hai. Siku 41! Habari zilienda dunia nzima, kisha majina yao yakapotea kwenye vichwa vya watu. Fikiria kuhesabu siku 41 mahali pasipo na jua, wakati hesabu yote ya saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua. Chini kule saa kweli ni kifaa, na kazi yake ni ile ya zamani kabisa: kukuambia umekaa muda gani. GPS haifiki, Bluetooth inaishia kwenye mwamba, hatua hazina maana. Betri ndiyo kila kitu.

Na ukidhani kupimwa mwili ni ujio wa saa janja, Rwamgasa ilishapimwa zamani. Kati ya 2002 na 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, na kwa Tanzania eneo lake lilikuwa Rwamgasa. Watafiti walichukua mkojo, damu na nywele za wachimbaji na majirani zao kutafuta zebaki inayotumika kukamata dhahabu. Waliotoa nywele zao hawajulikani kwa majina, wamebaki namba kwenye ripoti. Mpaka leo hakuna saa inayoweza kurudia kipimo hicho. Mvuke wa zebaki ukikuingia, mkono ukianza kutetemeka, saa itaandika tu kwamba umeongeza hatua.

Zebaki ina neno pia na saa yenyewe. Inakula alumini: ikigusa sehemu iliyokwaruzwa, chuma hicho kinaanza kuoza kama unga. Rangi ya dhahabu ya kupakwa nayo inaharibika. Kwa anayeshika karai la kuoshea, saa ya mwili wa plastiki ina akili kuliko ile ya kung'aa, na bora zaidi ivuliwe kabisa na kuachwa mbali.

Kwa hiyo mwenye chini ya laki moja atazame nini? Kwanza vumbi na maji. IP68 ni alama nzuri kwa mtu wa karasha kwa sababu ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. 5ATM inahusu shinikizo la maji na haisemi lolote kuhusu vumbi, ingawa wauzaji wanazitaja kama ndugu. Pili betri, na hapa kamkanda kembamba mara nyingi kanalishinda lile dude la kioo kikubwa linalodai chaji kila usiku wakati umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Tatu kioo kisomeke juani saa saba mchana, kwa hiyo toka nje ya duka uangalie. Programu inayodai kusoma majina ya watu wako wote kwenye simu ili ihesabu hatua, hiyo ina ajenda nyingine.

Mapigo ya moyo yanapimika papo hapo. Lile jaribio la mtandaoni la kuivalisha saa ndizi halisaidii sana, maana hata kihisi kizuri kinaweza kupata "moyo" kwenye ndizi. Weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili, linganisha. Kisha ruka ruka dakika moja urudie. Ya ovyo itabaki kwenye 72 ileile huku wewe unahema. Hatua nazo: tembea mia moja ukihesabu kwa mdomo. Ikikosea tano au sita, isamehe.

GPS ya ndani ya saa ni ya mkimbiaji. Kama unajifua kumfuata Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, lipia. Simbu na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa saa mbili, dakika tisa na sekunde 48 wote wawili, wakatenganishwa kwa picha na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Hakuna saa ya mkononi ingewaamua. Kama kazi yako ni kubeba viroba vya mawe kutoka duarani hadi karasha, GPS itakula betri tu, na mwili wako haudai mazoezi zaidi, unadai kupumzika. Mtetemo wa kukuamsha bila kuamsha chumba kizima una faida kubwa kuliko duara ya kijani.

Yule wa nyundo alishapata dawa yake. Lengo la hatua amelizima, ameweka mtetemo kila baada ya saa moja ili anyooshe mgongo, na sura ya namba ameibadilisha kuwa ya mishale. Mshale mfupi ukitua kwenye 6 anasoma upande wa pili, kumi na mbili, anaweka nyundo chini.