Harusi, Fundi na Rafiki Mwenye Kamera

Ndugu msomaji, hakuna kikao cha kamati ya harusi hapa Nyasura kinachokwisha bila ubishi huu. Habari ya ng'ombe imeshazungumzwa, ukumbi umepatikana, wapishi wamekubali bei. Kisha mwenyekiti anafika kwenye mstari wa picha. Papo hapo jamaa mmoja anasimama: "Ya nini kutupa hela? Si yupo mshikaji wetu, ana simu kali, atapiga bure!" Mwingine anamjibu kwamba cha bure ghali, aitwe fundi wa mjini. Kikao kinagawanyika pande mbili.

Nimekaa katika vikao hivyo mara kadhaa. Wote huzungumza kana kwamba ubishi huu umezaliwa jana pamoja na simu. La hasha! Una zaidi ya miaka mia moja, na asiyejua ulikotoka hawezi kuumaliza. Hebu turudi nyuma kidogo.

Ufundi wa picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka uliofuata, 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa, na harusi ile haikupigwa picha hata moja. Ilipofika 1854, yeye na mumewe Albert walisimama mbele ya kamera ya Roger Fenton wakiwa wamevalia rasmi, na wengi hadi leo hudhani kwamba ile ndiyo picha ya harusi yao. Wakati huo walikwisha kuwa na watoto wanane! Kwa hiyo hata malkia alimhitaji fundi, tena fundi akachelewa.

Kwetu Afrika Mashariki, mafundi wa mwanzo walikuwa wa pwani. A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa na studio Zanzibar tangu miaka ya 1860. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapo hapo Zanzibar, na baadaye mwanawe Rohit akairithi. Mombasa, N. V. Parekh alifungua yake mwaka 1942. Enzi hizo kamera ilikuwa kubwa, taa zake nzito, basi si fundi aliyeifuata harusi. Maharusi ndio waliomfuata fundi. Walikwenda studio, wakasimama mbele ya pazia, wakaambiwa wasitikisike. Ubishi wetu haukuwapo, kwa sababu rafiki hakuwa na kamera.

Rafiki alizaliwa mwaka 1888. Mwaka huo Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak, ikiwa na mkanda wa picha mia moja ndani yake. Mtu alibonyeza tu, mkanda ukiisha akairudisha kamera nzima kiwandani, wakamsafishia. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kwa dola moja tu. Sasa angalia vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu. Rafiki alipewa kazi ya kubonyeza peke yake. Kusafisha mkanda kuliendelea kuwa kazi ya fundi ndani ya chumba cha giza, na mara nyingi negativu za studio zilibaki kwa fundi huyo huyo. Yaani kwa karibu miaka mia moja, hata picha ya rafiki ilipita mikononi mwa fundi.

Sasa tuje nyumbani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi yetu ilikaukiwa fedha za kigeni. Mkanda, dawa za kusafishia na karatasi za picha vyote vilitoka nje, basi vikawa adimu kama sabuni. Hali ilianza kulegea baada ya serikali kufungua milango ya biashara mwaka 1984. Mtu aliyeshika mkanda wa picha 36 alizihesabu moja moja. Hakupiga hovyo.

Shangazi yangu aliolewa kimila katika miaka hiyo. Hapakuwa na kanisa wala cheti; palikuwa na ng'ombe, wazee na pombe ya mtama. Fundi aliitwa kwa picha moja ya maharusi: wamesimama wima, nyuso kavu, imetoka safi kabisa, na nyuma ina muhuri wa studio wenye tarehe. Rafiki wa mume naye alikuwa na kakamera kake. Yeye alipiga ng'ombe wakitolewa na wazee wakihesabu. Picha imepinda, mzee mmoja amekatwa kichwa. Lakini nyuma yake rafiki yule aliandika kwa kalamu majina ya wazee wote waliokuwapo, hata la yule asiye na kichwa.

Miaka ikapita, mume akafariki. Shemeji wakaja na maneno: huyu mwanamke hakuolewa, alikuwa mtu wa kupita, atoke kwenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, lakini mbele ya kikao cha ukoo ilibidi aonyeshe kwamba ilifungwa. Shangazi akaleta picha mbili. Ile ya fundi ikaonyesha tarehe. Ile ya rafiki ikaonyesha ng'ombe, na yale majina yakawaongoza hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa bado hai. Mzee akaja kwa mkongojo, akajitambua pichani, akasema, "Hawa ng'ombe niliwahesabu mimi." Maneno yakaishia hapo. Shangazi yumo katika nyumba ile hadi leo.

Sasa niambie, msomaji, nani alikuwa bora kati ya wawili wale? Fundi alijua mwanga, na aliacha muhuri. Rafiki alijua watu. Fundi wa kukodi hamjui bibi mzaa mama ni yupi. Nimeona harusi ambayo fundi alipiga keki kutoka pembe zote, na bibi aliyemlea bibi harusi hakupata hata picha moja. Kwa upande mwingine, rafiki anayepiga bure huwezi kumdai. Akiketi kula ubwabwa wakati pete inavishwa, utamfanya nini? Ulimpa sahani, hukumpa mkataba.

Kamera ya dijitali ya kwanza iliundwa na Steven Sasson ndani ya Kodak yenyewe mwaka 1975, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Simu ikachukua kazi ya kubonyeza na kazi ya kusafisha. Kazi ya kutunza haikuchukuliwa na mtu. Rafiki anapiga picha mia tano, simu inaibiwa stendi, harusi imekwenda nayo. Fundi naye hukabidhi kila kitu kwenye kifaa kidogo kama kidole, kisha baada ya muda anafuta vyake apate nafasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kamati ni huu. Kama mshiko upo, mwite fundi, mwandikiane: afike saa ngapi, awapige akina nani, na atatunza picha kwa muda gani. Rafiki mwachie siku ya ng'ombe na jikoni, ambako fundi hafiki. Kisha safisheni picha kumi tu kwenye karatasi.

Na sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna kazi yetu hapo. Si lazima tushike kamera. Tushike kalamu, tukae na wazee wangali hai, tuandike nyuma ya kila picha ni nani, mwana wa nani, na walikuwa wanafanya nini siku ile.