Kipande cha Gogo na wakora wa laini

Gogo wangu hajawahi kusema neno "kitambulisho". Yeye husema kipande. "Niletee kipande yangu hapo kwa mkoba." Nilikuwa nafikiri ni Kiswahili cha wazee tu, kama vile wanavyoita redio "wayalesi". Halafu mwaka jana, mwezi wa kumi, akapigiwa simu moja ya dakika kumi na moja na bonasi yake yote ya chai ikaenda. Hapo ndipo nilianza kusoma hii historia ya kipande, na nikaona jina halijabaki hivyo kwa bahati mbaya.

Wacha nianze na simu.

Sisi Londiani chai si nyingi hivyo. Hapa ni viazi, maziwa, msitu na baridi ya kukufunza adabu. Lakini gogo, mama wa mamangu, anaishi upande wa Litein, na huko kila mtu ana majani. Mwaka wa wakulima hufungwa mwisho wa Juni, halafu bonasi inakuja baadaye, na ikikuja kila mtu anajua imekuja. Wenye maduka wanajua, walimu wa shule wanajua, na wakora pia wanajua.

Jamaa alipiga asubuhi. Hakuongea Kiswahili. Aliongea Kipsigis safi, "chamgei gogo", akauliza ng'ombe wako aje, akauliza kama mvua imenyesha. Alijua majina yake yote matatu. Akasema kuna pesa ya bonasi ilikatwa kimakosa na inarudishwa, anataka tu kuhakikisha ni yeye. Namba ya kipande? Akapewa. Mwaka wa kuzaliwa? Akapewa. Watu gani watatu unawapigia sana? Akapewa, na mmoja wao ni mimi. Kisha akamwambia abonyeze namba fulani na azime simu kidogo "mtambo ufanye kazi".

Alipowasha, laini ilikuwa imekufa. Shilingi 41,000 zilikuwa zimetoka, na juu yake mkopo wa simu ambao gogo hakuomba.

Kitu kilichomuuma si pesa, si pesa peke yake. Alirudia sentensi moja siku nzima: "Aliongea kama mtoto wetu."

Sasa turudi nyuma miaka mia moja na kitu.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili Waafrika mwaka wa 1915. Vita ya Kwanza ikaichelewesha, ikaanza kuuma kuanzia mwisho wa 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, mwajiri wake ni nani, analipwa ngapi, aliajiriwa lini na aliachishwa lini. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Watu walisema ni kengele ya mbuzi. Ukipatikana bila hiyo, ni faini au jela.

Kwa nini vidole? Hapa ndipo niliketi vizuri. Kwa sababu watu walikuwa wanatoroka. Mtu akichoka na mzungu mmoja anaenda wilaya nyingine, anajiita jina lingine, anaanza upya. Jina unaweza kubadilisha lakini kidole huwezi. Kwa hivyo kipande, ukikiangalia vizuri, kilikuwa mtambo wa kuzuia wizi wa utambulisho. Ila kilimlinda mwajiri, hakikumlinda aliyekibeba. Mwenye kikebe mara nyingi hakuweza hata kusoma kilichoandikwa ndani, na mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, kazi kwingine hapati.

Miaka hiyo hiyo ya 1920 ndiyo Brooke Bond na James Finlay walianza mashamba makubwa ya chai Kericho. Babake gogo alifanya kazi huko. Gogo anakumbuka kile kikebe, kwa sababu babake alikiweka juu ya mlango hata baada ya kuacha kazi. Watoto walikatazwa kukigusa.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipinga kipande na kodi hadharani, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, wakapigwa risasi tarehe 16 mwezi huo huo. Mnajua hiyo ya shuleni, sitairudia.

Ile ambayo sikufunzwa ni hii. Sheria ya 1947 ilileta usajili wa watu wa rangi zote, si Waafrika tu. Walowezi walipiga kelele sana wakisikia kwamba na wao watawekwa wino kwa vidole kama wahalifu. Serikali ikawalegezea: anayejua kuandika atoe sahihi na picha badala ya vidole. Miaka karibu thelathini vidole vya babu zetu havikuwa shida kwa mtu. Siku tatu za vidole vya mlowezi, kelele mpaka London. (Sawa, si siku tatu. Lakini mmenielewa.)

Wanawake wa Kenya waliingizwa kwa kitambulisho mwaka wa 1978. Gogo akachukua chake akiwa mama wa watoto wanne, na hiyo karatasi akaiita jina aliloijua kwa babake.

Kwa hivyo hebu fikiria. Tangu 1920, kila mara mtu ameuliza hapa nchini "wewe ni nani?", anayeuliza ni mwenye nguvu na anayejibu ni sisi. Hakuna siku moja tulifundishwa kumuuliza "na wewe?" Polisi anaitisha, unatoa. Chifu anaitisha, unatoa. Askari wa geti la jengo lolote Nairobi anaandika namba yako kwa kitabu, hata hujui hicho kitabu kikijaa kinaenda wapi. Ajenti wa M-Pesa alikuwa na kile kitabu kikubwa: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi, na anayekufuata kwa foleni anasoma mstari wako akingoja kuandika wake. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa miaka mingi hivyo vitabu vilikuwa hapo juu ya kaunta, wazi kama gazeti.

Mkora hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anahitaji tu kupiga simu na sauti ya mtu wa ofisi. Karne nzima imeshamfanyia kazi iliyobaki.

Na usajili wa laini? Ulianza 2010, ambao hawakusajili wakazimwa mwanzo wa 2013. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka vijana wenye miavuli sokoni wakiandikisha watu haraka haraka, wakipiga picha vitambulisho kwa simu zao. Nakala ya kitambulisho chako iko na nani leo? Mimi changu sijui. Juni 2021 Wakenya waliangalia kwa eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawajawahi kuvisikia. Hakuna aliyeibiwa shilingi siku hiyo, kwa hivyo tulicheka, tukatengeneza mimi, tukasonga.

Sasa Mulot. Najua mlikuwa mnaningoja hapo.

Mulot ni soko kwenye mpaka wa Bomet na Narok, kando ya mto Amala. Kwa miaka kadhaa DCI wamevamia huko na kutoka na marundo ya laini, simu na vitambulisho vya watu wengine. Jina lenyewe limegeuka tusi. Nikienda Nairobi nikifungua mdomo, R yangu ikisikika, lazima msee mmoja aseme "huyu ni wa Mulot, shikeni simu zenu". Nimecheka hiyo stori mara mia. Baada ya ya gogo sikucheka tena, na pia sikukasirika vile nilivyokuwa nakasirika. Kwa sababu aliyempigia alikuwa mtoto wetu kweli. Kijana wa kutoka huku, amesoma kiasi, hana kazi, ana sauti tamu na anajua bonasi inaingia lini.

Nitasema na hii, mnihukumu mkitaka. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kuna mtu tuliyesoma naye aliniambia kuna kazi. Alisema "wewe una sauti, watu wanakuamini". Nilijua ni kazi gani. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana siku hiyo pia. Nililala nayo usiku mmoja. Kisheria wizi wa utambulisho, chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, ni faini hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka mitatu, au zote mbili. Sikuijua hiyo sheria wakati huo, na hata ningeijua sidhani ndiyo ingenizuia. Kilichonizuia ni kwamba sikuweza kufikiria nikisema "chamgei gogo" kwa mtu halafu nifanye hivyo. Huyo mwingine aliweza.

Sawa. Tulichofanya baada ya hapo, kwa sababu najua mtauliza.

Wizi wa laini unafanya kazi hivi: mkora akishapata namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na majina ya watu unaowapigia, anarudisha laini yako kwa kadi mpya, kana kwamba wewe umepoteza simu. Yako inakufa, yake inaamka. Akaunti ya benki iliyounganishwa na hiyo namba inafuata, kwa sababu benki ikitaka kuhakikisha ni wewe inatuma ujumbe kwa nani? Kwa yeye. Kwa hivyo simu ikipoteza mtandao ghafla na wa jirani yako unao, usingoje jioni. Chukua simu ya mtu, piga benki wafunge akaunti, kisha kimbia dukani.

Kwa Safaricom kuna *100*100#, inafunga laini isirudishwe popote isipokuwa duka lao, na wewe mwenyewe ukiwepo. Ni bure. Tumefunga ya gogo, ya mamangu, na za shangazi zangu wote. Safaricom wenyewe hupiga kwa 0722000000 tu. Ujumbe wa utapeli unautuma 333. Na PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa, aki, nawaomba. Nusu ya familia yangu ilikuwa mwaka wa kuzaliwa.

Nilimfunza gogo jambo moja la ziada, nalo lilichukua wiki. Mtu akimpigia na kumuuliza yeye ni nani, amwambie "wewe kwanza, babako ni nani, mnakaa wapi?" Akaona aibu. Alisema ni kukosa heshima kumuuliza mtu wa ofisi hivyo. Nikamwambia kwani mgeni akifika bomani huwa unamuuliza nini? Akanyamaza. Akasema, hiyo ndiyo ya kwanza.

Jumapili iliyopita tuliketi jikoni kwake, moto umewaka, nikamuonyesha *106#, ile inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akavaa miwani. Akatoa kipande chake kwa mkoba, akakiweka juu ya goti kana kwamba simu itataka kukiona. Gogo ana laini moja tu, tangu azaliwe hajawahi kuwa na mbili.

Zikaja tatu.

Akaziangalia kwa muda, kisha akanigeuzia simu. "Weri," akasema, "hawa wengine wawili wanaoitwa mimi ni nani?"