Kwa nini sampu ya gari kuukuu haiachi kuvuja

Baba mdogo ana pikapu ya petroli iliyonizidi umri. Kila nikienda kumsalimia nakuta kipande cha boksi chini ya injini, na juu ya boksi doa jeusi la oili. Ndani ya miaka miwili gasketi ya sampu ilibadilishwa mara tatu. Kila mara fundi alisema ile iliyotoka ilikuwa feki, akafunga nyingine, na wiki chache baadaye doa likarudi. Mara ya tatu baba mdogo alilipa kwa hela aliyokuwa ameitenga kwa ada ya mtoto. Ndipo akanipigia mimi, kwa kuwa nasomea polima na kwake hiyo ni karibu na ufundi magari.

Sikuwa na jibu la haraka. Nililipata nilipoanza kusoma historia ya gasketi, na nadhani litakufaa hata wewe ambaye gari lako bado halijaanza kudondosha.

Sampu ni lile bakuli la bati chini ya injini ambamo oili hukaa. Bati na chuma haviwezi kukutana bila kuacha mianya midogo, kwa hiyo katikati huwekwa kitu laini. Kwa miongo mingi kitu hicho kilikuwa gome la aina moja ya mwaloni wa pande za Mediterania, hilohilo linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Mwaka 1665 Robert Hooke alilitazama gome hilo kwa hadubini akaona vijumba vingi vitupu, akaviita kwa neno ambalo leo tunalitamka "seli". Ndani ya vijumba hivyo mna hewa. Ndiyo maana ukilibana gome linapungua unene bila kufura pembeni, tabia ambayo mpira hauna.

Ila gome lina ubaya wake. Likipigwa na joto miaka mingi linakauka na kubaki limebanwa, halirudi tena. Bolti zinalegea, oili inaanza kutoka. Mwenye gari anachukua spana na kukaza. Inatulia kidogo, inaanza tena, anakaza zaidi.

Hapa ndipo kosa lenyewe linapozaliwa. Ukingo wa sampu ni bati jembamba. Ukikaza kupita kiasi, bati linabonyea kuzunguka kila tundu la bolti na kuinama kama wimbi kati ya tundu na tundu. Ukija kuweka gasketi mpya, hata iwe bora kuliko zote duniani, inabanwa kwenye bolti na kuachwa wazi katikati.

Chukua mfano wa injini ndogo ya V8 ambayo Chevrolet waliitoa mwaka 1955 huko Marekani. Sampu yake ilizibwa kwa vipande vinne: viwili vya gome pembeni, viwili vya mpira mbele na nyuma. Pembe nne ambapo gome hukutana na mpira zikawa mahali pa kuvujia, na mafundi wakazoea kuongeza tone la gundi kila pembe. Mpaka miaka ya 1980 katikati ndipo injini hiyo ilipopata gasketi ya kipande kimoja. Yaani miaka thelathini ya kuziba pembe!

Gundi nayo ina historia. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric alipata njia rahisi ya kutengeneza malighafi ya silikoni, na baadaye zikaja silikoni zinazoganda zenyewe bila kupashwa moto. Ile harufu ya siki unayoisikia gereji ni asidi inayotoka wakati aina moja ya silikoni inaganda. Na haigandi kwa kukauka kama wengi tunavyodhani, inaganda kwa kunyonya unyevu wa hewani. Inahitaji saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Ukimwaga oili dakika kumi baadaye umeharibu kazi. Ukipaka nyingi, nyama inayoingia ndani inaweza kukatika na kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo injini nzima iko hatarini.

Halafu kuna presha, ambayo watu wachache huifikiria. Sehemu ya gesi ya moto hupenya ringi za pistoni na kushuka mpaka kwenye sampu. Zamani gesi hiyo ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya gari. Baada ya mkemia Arie Haagen-Smit kuonyesha, miaka ya 1950, kwamba moshi mzito wa Los Angeles unatokana na gesi za petroli zikipigwa na jua, bomba hilo likaonekana ni tatizo. Magari mapya ya California yakaanza kufungwa vali ya kurudisha gesi kwenye injini ikaungue tena, kuanzia modeli za 1961. Mwaka 1963 yakafuata ya Marekani nzima. Leo vali hiyo iko karibu kila gari la petroli. Ikiziba kwa masizi, gesi haina pa kwenda, inasukuma oili itoke popote palipo dhaifu.

Kwenye pikapu ya baba mdogo tulifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, tukaweka karatasi juu ya tundu. Badala ya kuvutwa, karatasi ikarushwa. Tulitoa vali tukaitikisa: kimya, wakati nzima hugonga ndani. Bei ya mpya haikufika hata nusu ya gasketi moja. Kisha sampu ikashushwa, ukingo ukawekwa juu ya ubao mnene na kugongwa taratibu mpaka ukanyooka, mafuta yakafutwa yote, bolti zikakazwa kidogokidogo kwa kupishana pande.

Huu ni mwezi wa tano. Boksi bado lipo chini ya injini. Baba mdogo anasema haliondoi kwanza.