Guantánamo: Mpangaji Asiyefukuzika

Kila mwaka serikali ya Marekani huandika hundi ya dola 4,085, kodi ya pango la Ghuba ya Guantánamo, kusini-mashariki mwa Cuba. Cuba haigusi fedha hizo. Fidel Castro aliruhusu hundi moja tu ibadilishwe, mwaka 1959, mapinduzi yakiwa bado machanga. Zilizofuata aliziweka kwenye droo ya ofisi yake. Marekani imeing'ang'ania hundi hiyo moja kama ushahidi kwamba Castro aliutambua mkataba.

Mkataba wenyewe ni wa 1903. Marekani ilikuwa imewaondoa Wahispania kisiwani mwaka 1898, na ili majeshi yake yaondoke, Cuba ililazimika kukubali kutoa ardhi ya vituo vya majini. Rais Tomás Estrada Palma alitia saini Februari 16. Theodore Roosevelt alifuata siku saba baadaye. Kodi ilikuwa dola 2,000 za dhahabu kwa mwaka, kwa kilomita za mraba zipatazo 117 za nchi kavu na maji.

Utata umo katika kifungu cha tatu. Kinasema kuwa mwenye ardhi ni Cuba, ila muda wote Marekani iwapo humo, mamlaka na udhibiti wote ni wake. Mkataba wa 1934 ukakaza zaidi: upangaji hauishi mpaka pande zote mbili zikubaliane, au Marekani ihame kwa hiari yake.

Mwaka 1964 Castro aliikatia kambi maji. Cuba ilipodai kwamba Wamarekani bado wanayaiba, kamanda wa kambi, John Bulkeley, aliamuru bomba likatwe mbele ya waandishi wa habari ili waone lilivyokauka. Kikajengwa kiwanda cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari.

Januari 2002 waliletwa washukiwa wa ugaidi. Serikali ya George W. Bush ilidai kuwa mahakama za Marekani haziwezi kuwasikiliza kwa kuwa ardhi si ya Marekani. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliikataa hoja hiyo: anayetawala kila kitu mahali fulani hawezi kuiacha Katiba yake nje ya lango. Wafungwa wakapata haki ya kupinga vifungo vyao mahakamani.

Kutoka kukabaki jambo jingine. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alirudishwa nyumbani Desemba 2024, bila kufunguliwa shtaka lolote.